Domeni ya kijani iliyokuwa imekwisha: kisa cha mfumo wa kufuatilia usajili, Kisumu

Mazingira

Ofisi inayohusika iko Kisumu mjini. Ni watu wanne, na kazi yao ni kutengeneza tovuti, kukodisha nafasi za seva na kulipia domeni (majina ya tovuti, kama mfano.com) kwa niaba ya wateja. Wateja wametapakaa Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega na Homa Bay: shule, zahanati, hoteli, makanisa, maduka ya vifaa vya ujenzi na vyama vya akiba na mikopo. Chochote ambacho kingemtambulisha mtu au kampuni kimeondolewa, na tarehe zimesogezwa.

Kisa kinapoanza, ofisi ilikuwa inasimamia domeni 312. Kati ya hizo, 201 zilikuwa chini ya .ke (.co.ke kwa wingi, kisha .sc.ke na .ac.ke za shule na vyuo, na .or.ke za mashirika), 94 zilikuwa .com, na 17 zilizobaki zilikuwa .org na mchanganyiko mwingine. Zilinunuliwa kwa miaka kadhaa kupitia mawakala watatu, kila mmoja na akaunti yake, vikumbusho vyake na namna yake ya kuandika tarehe. Orodha yote ilikaa kwenye faili la Excel ambalo fundi mmoja alilisasisha siku alizokumbuka.

Msomaji ashike kwanza tofauti ya pande tatu, kwa sababu kosa kubwa la kisa hiki lilitokana na kuzichanganya. Kuna sajili, yaani anayetunza daftari kuu la herufi za mwisho: Verisign kwa .com, Public Interest Registry kwa .org, KENIC kwa .ke. Kuna wakala, anayeuza na kupokea pesa. Halafu kuna mwenye domeni, ambaye mara nyingi hajui kama hao wawili wa kwanza ni watu tofauti.

Toleo la kwanza

Mwaka 2024 ofisi iliandika mfumo mdogo wa PHP na MySQL. Lengo lilikuwa dashibodi moja: kila domeni, siku zilizobaki, rangi (kijani, njano, nyekundu), na SMS kwa mteja siku 30, 14 na 3 kabla ya kuisha. Data ya usajili ilichukuliwa kwa WHOIS, njia ya zamani ya kuuliza domeni imesajiliwa na nani na inaisha lini.

WHOIS ni itifaki nyepesi kupita kiasi. Unafungua muunganisho wa TCP kwenye poti 43, unatuma jina la domeni na alama ya kumaliza mstari, seva inakumwagia maandishi, kisha inakata. RFC 3912 ya mwaka 2004, waraka wa kiufundi unaoieleza, ni kurasa chache tu. Haisemi maandishi yapangwe vipi, yawe ya herufi za mfumo gani, wala kosa lionekane vipi. Verisign huandika "Registry Expiry Date: 2025-06-09T04:00:00Z", sajili ya Uingereza huandika tarehe kwa mtindo wa 09-Jun-2025, na ile ya Ujerumani haitoi kabisa tarehe ya kuisha. "Haipo", "umeuliza mara nyingi mno" na "seva imechoka" zote huja kama maneno matupu, au kama kimya.

Kivinjari hakiwezi kufungua poti 43, kwa hiyo kazi ilibidi ifanywe upande wa seva. Jaribio la kwanza liliita amri ya whois kwa shell_exec, kazi ya PHP inayoendesha amri za seva. Kampuni ya seva ilikuwa imeizima, na ni bahati kwamba ilikuwa imeizima: msimbo ulibandika alichoandika mtumiaji moja kwa moja kwenye amri. Mtu angeandika nukta-mkato na amri yake ya pili, ingetekelezwa. Hata ukifunga maandishi kwa escapeshellarg, jina linaloanza na kistari husomwa kama chaguo la amri, si domeni. -h kwa mfano huielekeza whois kwenye seva nyingine kabisa.

Wakahamia fsockopen, ambapo PHP hufungua muunganisho yenyewe. Miunganisho ya kwenda nje kwa poti 43 nayo ilikuwa imefungwa, jambo la kawaida kwenye seva za pamoja. Tiketi moja kwa kampuni ya seva ikaifungua, na majibu yakaanza kuja.

Hitilafu ya kwanza ilijitokeza siku hiyohiyo. Msimbo ulikata jina kwenye nukta na kuchukua vipande viwili vya mwisho. Kwa www.mfano.com unapata mfano.com, sawa kabisa. Kwa portal.mfano.sc.ke unapata sc.ke. Mfumo ukawa unamuuliza KENIC habari za sc.ke yenyewe, haupati ulichotafuta, na unaandika "iko wazi" mbele ya jina la shule ambayo tovuti yake inafunguka vizuri. Fundi alitibu kwa kuorodhesha kwa mkono co.ke, or.ke, ac.ke, sc.ke na go.ke. Akasahau ne.ke, me.ke, info.ke na mobi.ke, na akasahau pia kwamba tangu 2017 mtu anaweza kusajili jina moja kwa moja chini ya .ke bila kipande cha kati. Dawa ya kweli ni orodha iitwayo Public Suffix List, ambayo huchapishwa bure na husasishwa mara kwa mara. Maktaba za kuisoma zipo kwa PHP, Python na karibu kila lugha, na ingewachukua nusu saa.

Asubuhi ya SMS 46

Ukaguzi wa usiku uliwekwa kwenye cron (ratiba ya seva ya kuanzisha kazi zenyewe) saa nane. Skripti ilizunguka domeni zote 312 mfululizo bila kupumzika na kumaliza kwa dakika nne hivi. Usiku wa tatu, seva ya sajili mojawapo ilianza kukataa. Haikutuma ujumbe wowote: ilipokea muunganisho na kuukata.

Msimbo ulisoma jibu, ukakuta maandishi ya urefu sifuri, ukatafuta mstari wa tarehe, haukuuona. Sharti lililofuata lilisema: kama hakuna tarehe, domeni haijasajiliwa. Saa moja asubuhi wateja 46 walipokea SMS kwamba domeni yao "haijasajiliwa tena" na wapige simu haraka. Walipiga. Mhasibu wa hoteli moja alikuwa ameshatuma pesa kwa M-Pesa kabla hajaambiwa kwamba hakuna anachodaiwa.

Ajabu yake ni kwamba ofisi yenyewe huenda haikuwa imevuka kikomo. Kwenye seva ya pamoja anwani moja ya IP hutumiwa na tovuti nyingi, na sajili huhesabu maswali kwa IP. Jirani yeyote mwenye skripti ya kuwinda domeni zilizoisha anaweza kukumalizia mgao kabla cron yako haijaamka.

Uamuzi uliofuata ulikuwa kuhamia seva yao wenyewe yenye IP yake. Ulikuwa sahihi, ila uliacha ugonjwa palepale: kimya kiliendelea kuhesabiwa kama "haipo", kwa kuwa tu sasa kimya kilipungua.

Huko pia walikutana na tatizo jipya. Ukurasa wa "Angalia domeni" uliuliza WHOIS papo hapo mtumiaji alipobonyeza. Seva ya mbali ikichelewa, PHP hungoja sekunde 60, ambazo ndizo chaguo-msingi la default_socket_timeout. Fundi alidhani max_execution_time ya sekunde 30 ingeukata mchakato mapema. Kwenye Linux haikati, kwa sababu muda wa kungoja mtandao hauhesabiwi humo. Nayo PHP-FPM, inayoendesha michakato ya PHP, ilikuwa imebaki na pm.max_children ya 5 kama ilivyosakinishwa, yaani michakato mitano tu kwa wakati mmoja. Watu watano wakibonyeza kwa pamoja huku sajili imelala, mfumo mzima, pamoja na ukurasa wa kuingilia, unaganda kwa dakika nzima. Lilitokea mara mbili kabla mtu hajaunganisha mambo.

Kijani kilichodanganya

Domeni husika ilikuwa .com ya chama cha akiba na mikopo chenye ofisi katika kaunti jirani. Ilikuwa iishe tarehe 9 Juni 2025. Barua pepe zote za chama zilipita kwenye domeni hiyo.

Kwa domeni za .com na nyingine zilizo chini ya kanuni za ICANN, shirika la kimataifa linaloratibu majina ya domeni, wakala analazimika kumkumbusha mwenye domeni mwezi mmoja hivi kabla, wiki moja hivi kabla, na tena ndani ya siku tano baada ya kuisha kama hajalipa. Vikumbusho vilitumwa. Vilikwenda kwenye barua pepe ya zamani ya ofisi ya Kisumu, ambayo hakuna aliyeifungua tangu mwaka uliotangulia. SMS za mfumo nazo zilikwenda kwa mweka hazina ambaye alishaondoka kwenye chama.

Tarehe 8 Juni dashibodi ilionyesha nyekundu, siku 1. Tarehe 10 Juni ilionyesha kijani, siku 364. Fundi aliyekuwa zamu aliona, akadhani chama kimelipa moja kwa moja kwa wakala, akaendelea na kazi nyingine.

Hakuna aliyelipa. Kilichotokea ni utaratibu wa kawaida wa sajili. Domeni ya .com ikifika tarehe yake bila kufutwa, sajili huiongezea mwaka yenyewe na kumtoza wakala. Wakala ana hadi siku 45 za kuifuta na kurudishiwa pesa hizo. Katika kipindi hicho daftari la sajili linasema 2026, daftari la wakala linasema 2025, na yote mawili ni ya kweli kwa maana yake: la kwanza linaonyesha hesabu kati ya sajili na wakala, la pili hesabu kati ya wakala na mteja. Mfumo wa ofisi ulikuwa unasoma la kwanza na kuliita la pili.

Ijumaa tarehe 20 Juni, jioni, wakala alibadilisha seva za majina za domeni hiyo (zinazoonyesha tovuti na barua pepe za jina hilo ziko wapi) zielekee kwenye ukurasa wake wa matangazo. Tovuti ikatoweka, barua pepe zikaanza kurudi. Jumamosi asubuhi meneja wa chama alipiga simu.

"Kijana, barua pepe zetu zimelala tangu jana. Tuna mkutano wa wanachama Jumanne."

"Pole sana mzee. Hapa kwenye mfumo naona domeni imelipiwa hadi mwakani, kwa hiyo shida itakuwa kwenye seva. Nipe saa moja."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Fundi alikagua seva ya barua, rekodi za SPF, nafasi ya diski, cheti cha HTTPS. Akaanzisha upya huduma mbili. Kila kitu kwenye seva kilikuwa salama, kwa sababu hakuna aliyekuwa anafika hapo. Ni mwenzake aliyeandika amri moja, dig NS na jina la domeni, akaona seva za majina zisizo zao. Hapo ndipo walipofungua jibu la RDAP (itifaki mpya inayochukua nafasi ya WHOIS) la sajili na kulisoma kwa macho badala ya kusoma dashibodi. Sehemu iliyohusika ilikuwa hivi:

"status": ["client transfer prohibited", "auto renew period"]
"eventAction": "registration" … 2014-06-09T04:00:00Z
"eventAction": "expiration" … 2026-06-09T04:00:00Z

Ndani ya jibu hilohilo kulikuwa na kiungo chenye rel ya "related" kinachoelekea kwenye RDAP ya wakala. Walipokifuata, tarehe ya kuisha kwa upande wa wakala ilikuwa 2025-06-09.

Maamuzi ya siku hiyo

Walilipa saa saba mchana kupitia akaunti ya wakala. Domeni ilikuwa siku ya 12 baada ya kuisha, bado ndani ya muda wa wakala, hivyo bei ilikuwa ya kawaida. Kama wakala angekuwa ameshaifuta, ingeingia kipindi cha ukombozi cha siku 30, ambapo kuirudisha hugharimu mara kadhaa ya bei ya mwaka. Baada ya hapo huja siku 5 za "pending delete" ambazo hakuna malipo yanayosaidia, kisha jina linaachiwa yeyote. Hesabu hii ni ya .com na wenzake tu. Sajili za nchi, .ke ikiwemo, zina kanuni zao, na kosa la kunakili 45, 30 na 5 kwenye kila domeni limefanywa na wengi.

Seva za majina zilirudishwa baada ya dakika chache, lakini si kila mtu aliiona domeni kwa wakati mmoja. Rekodi za NS (zinazotaja seva za majina) kwenye .com huwa na TTL, muda wa kukaririwa, wa sekunde 172800, yaani siku mbili, na mtoa intaneti aliyekwisha kukariri zile za wakala anaweza kuzishikilia mpaka zimalize muda. Fundi alimweleza meneja hivyo waziwazi, akamwomba atumie barua pepe ya kando hadi Jumatatu. Baadhi ya wanachama walipata barua Jumamosi jioni, wengine Jumatatu asubuhi. Kutoahidi "itarudi sasa hivi" ndiko kulikookoa uhusiano na mteja kuliko lolote jingine la siku ile.

Kuandika upya

Toleo la pili lilianza Julai 2025. Msingi wake ni RDAP. Tangu 28 Januari 2025 sajili na mawakala wa domeni za ICANN hawalazimiki tena kutoa WHOIS, kwa hiyo kubaki huko kungekuwa kujenga kwenye mchanga. RDAP hujibu kwa JSON (maandishi yenye mpangilio maalumu unaosomwa na programu) kupitia HTTPS, tarehe zake ziko katika mtindo mmoja, na ina namba za hali za HTTP. Hii ya mwisho ndiyo faida kubwa.

Seva ya kuuliza hupatikana kwenye faili la IANA, inayotunza orodha kuu za mtandao, data.iana.org/rdap/dns.json, linalooanisha herufi za mwisho na anwani ya msingi. Mfumo hulipakua mara moja kwa siku na kuliweka akibani. Herufi zisizomo kwenye faili hurudishwa kwenye WHOIS, na seva ya WHOIS hutafutwa kwa kuuliza whois.iana.org: ukiiuliza "ke" hukupa mstari wenye whois.kenic.or.ke. Sajili za nchi hazibanwi na ratiba ya ICANN, kwa hiyo njia hizi mbili zitaishi pamoja kwa muda.

Swali lenyewe ni GET kwenye anwani ya msingi, neno domain/, kisha jina. Mfano wa .com ni https://rdap.verisign.com/com/v1/domain/example.com, na kichwa cha Accept ni application/rdap+json. Muda wa kuunganisha ni sekunde 3, muda wote sekunde 8. Uelekezwaji unafuatwa mara mbili tu, HTTPS peke yake, na anwani za ndani (10.x, 192.168.x, 127.x na nyinginezo) hukataliwa. Bila hilo, seva ya mbali yenye nia mbaya inaweza kuutuma mfumo wako ukaulize vitu vilivyo ndani ya mtandao wako.

Badiliko lililobeba uzito lilikuwa dogo kwa mistari. Safu ya hali kwenye hifadhidata ilitoka thamani mbili ikawa tatu: ipo, haipo, haijulikani. 200 ni ipo. 404 ni haipo. 429 (umeuliza mara nyingi mno) ni haijulikani, na mfumo hungoja muda uliotajwa kwenye Retry-After. 5xx (hitilafu ya seva), kukatika, muda kwisha, JSON mbovu: haijulikani. Hakuna SMS inayotoka kwa sababu ya "haijulikani", na thamani nzuri ya mwisho haifutwi. Huandikwa tu imeulizwa lini.

404 nayo haiaminiki peke yake. Katika majaribio, msimbo uliunganisha anwani vibaya ukaweka mikwaju miwili (//), na sajili moja ikajibu 404 kwa kila jina, zikiwemo domeni zinazojulikana dunia nzima. Ndiyo maana kila sajili sasa ina domeni moja ya kupimia, ambayo hakika ipo. Huulizwa kwanza. Ikirudi 404, majibu yote ya sajili hiyo kwa mzunguko huo hutupwa.

Tarehe zikawa tatu badala ya moja: ya sajili, ya wakala, na ya malipo kwenye daftari la ofisi yenyewe lenye namba ya muamala wa M-Pesa. Kijani huwaka tu pale tarehe ya sajili inapokubaliana na angalau moja ya hizo nyingine. Tarehe ya sajili ikiruka mwaka bila malipo kuandikwa, rangi ni nyekundu na fundi hupigiwa kengele. Kuhusu "auto renew period", walijadiliana sana. Wengine walitaka iwe nyekundu moja kwa moja. Ila wapo mawakala ambao hata mteja akilipa mapema huiacha sajili ijiongezee yenyewe, na hali hiyo huonekana pia kwa domeni iliyolipiwa vizuri. Ikawa njano: swali la kujibiwa na mtu.

Hapo kuna mtego wa tahajia. Kwenye WHOIS hali huandikwa redemptionPeriod na pendingDelete, maneno yameshikana. Kwenye RDAP ni "redemption period" na "pending delete", yameachana. Msimbo wa zamani uliotafuta maneno yaliyoshikana ulipitia majibu mapya bila kuona kitu na bila kulalamika. Sasa herufi zote hufanywa ndogo na nafasi huondolewa kabla ya kulinganisha.

Ukurasa wa wavuti hauulizi sajili tena. Unasoma hifadhidata. Kitufe cha "Uliza sasa" huingiza kazi kwenye foleni, na cron ya kila dakika huchukua kazi moja kwa kila sajili. Domeni yenye zaidi ya siku 60 huulizwa mara moja kwa wiki; kati ya 60 na 15, kila siku; chini ya 15, kila saa sita. Kwa domeni 312 hii inakuja kama maswali 130 kwa siku yaliyotawanyika, badala ya 312 ndani ya dakika nne.

Tarehe huja kwa UTC, na Kenya iko saa tatu mbele. 04:00 ya UTC ni saa moja asubuhi Kisumu, haina neno. Lakini domeni inayoisha 22:00 ya UTC inaishia saa saba usiku wa kuamkia siku inayofuata. SMS ya "leo ni mwisho" ilikuwa inatoka siku moja kabla. Si kosa la kuumiza, ila mteja aliyepanda boda hadi mjini kulipa "kabla ya usiku wa leo" halisahau.

Kuhusu watu: mfumo hauhifadhi jina, simu wala barua pepe ya mwenye domeni kutoka kwenye majibu. Tangu Mei 2018 sehemu kubwa ya data hiyo hufichwa kwenye domeni za ICANN, na ile isiyofichwa bado ni data ya mtu binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kufuatilia kuisha hakuhitaji jina la mtu. Sehemu ya "entities", yenye taarifa za wahusika, hukatwa kabla jibu halijaandikwa popote, isipokuwa jina la wakala. Na maandishi yoyote yanayoonyeshwa kwenye ukurasa hupitishwa kwenye htmlspecialchars, inayoyafanya yaonekane tu bila kutekelezwa, kwa kuwa anayejaza jina la kampuni wakati wa kusajili anaweza kujaza skripti.

Matokeo

Kati ya Agosti na Novemba 2025 hakuna SMS ya uongo iliyotoka. Domeni mbili za .com ziliruka mwaka bila malipo kuandikwa. Moja mteja alikuwa amelipa kweli, risiti ilikuwa haijaingizwa. Nyingine hakuna aliyelipa, na ililipiwa siku ya pili baada ya kuisha, kabla seva za majina hazijaguswa. Kuganda kwa mfumo hakukutokea tena, ingawa sajili zililala mara kadhaa.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Hali ya "haijulikani" ilifanya kazi kubwa kuliko RDAP yenyewe. Ingeweza kuwekwa kwenye toleo la WHOIS kwa mistari kumi, na ingezuia SMS 46. Kuhamia IP ya peke yao kulisaidia kwa namna iliyowapumbaza: dalili zilipungua, kwa hiyo sababu haikutafutwa kwa miezi.

Hata hivyo hali hiyo mpya ilileta shida yake. Septemba sajili moja ya nchi ilibadilisha neno linalotangulia tarehe kwenye jibu la WHOIS. Kichambuzi hakikuliona, kikaandika "haijulikani", ambayo kwenye dashibodi ni kijivu. Ilikuwa sahihi. Domeni tisa zilikaa kijivu kwa wiki tatu, kwa sababu kijivu hakikumpigia mtu yeyote kengele, na macho ya mafundi yalikuwa yamezoea kutafuta nyekundu. Mojawapo ilikuwa imebakiza siku nne ilipoonekana kwa bahati. Kijivu kinachozidi saa 72 sasa kinageuka kazi yenye jina la mtu juu yake.

Kipimo cha DNS (mfumo unaogeuza majina ya domeni kuwa anwani za seva) kilipendekezwa kama njia ya mkato na kikakataliwa kwa sababu nzuri. Domeni isiyojibu DNS si lazima iwe haijasajiliwa: inaweza kuwa haina seva za majina, au imewekewa "client hold", yaani wakala ameizuia isionekane kwenye DNS. Lakini kukikataa kabisa lilikuwa kosa la upande wa pili. Mabadiliko ya seva za majina ndiyo dalili ya kwanza iliyoonekana ile Ijumaa, na hakuna aliyekuwa anaziangalia. Ulinganisho wa NS za leo na za jana uliongezwa Oktoba. Ungekuwepo Juni, kengele ingelia Ijumaa jioni badala ya simu ya Jumamosi.

Lile ambalo msimbo haukuligusa ni namba ya simu ya mweka hazina aliyeondoka. Hakuna itifaki inayojua kwamba mtu amehama kazi. Kila mteja sasa anatakiwa kutoa namba mbili za watu wawili, na mara moja kwa mwaka SMS huzitaka zijibu "NDIYO". Katika zoezi la kwanza, namba 61 hazikujibu.